Kununua udongo kijijini na kujenga nyumba: mambo ya kujua mbele ya kutosha feza

Katika majimbo ya mashariki, watu wengi wa mujini wanatafuta kipande cha udongo kijijini: mwalimu anayefikiri siku za uzee, mama muchuuzi aliyechoka kulipa nyumba kila mwezi, familia iliyokimbia vita na haina tena pa kurudi. Bei huko ni chini, na udongo wa kupiga matofali uko hapo hapo. Lakini hasara mbili zinajulikana kila pahali: kununua udongo wenye wenyewe wengine, na kujenga nyumba inayoshindwa na maji, baridi ao jua. Zote mbili zinaepukwa mapema, feza ikiwa ingali mufukoni.

Udongo ni wa nani?

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Mutu anapata haki ya kuutumia tu, inayoitwa konsesio. Konsesio ya milele ni ya raia wa Kongo peke yao. Ile ya kawaida inafika miaka 25 na inaweza kuongezwa. Karatasi inayosimamisha haki hiyo mbele ya sheria ni hati ya kuandikishwa, ile watu wanaita sertifika, inayotolewa na konservateri wa ofisi ya ardhi.

Kijijini, udongo unagawanywa na familia na mashefu wa mila. Kifungu 389 cha sheria ile kiliahidi amri ya Rais ya kupanga haki za wanavijiji. Miaka makumi ilipita bila amri hiyo kutoka. Njo maana mutu anaweza kuwa na karatasi ya shefu, halafu mwingine anatokea na sertifika ya shamba lile lile.

Bushi, Kivu ya Kusini, kuko mufano wazi. Kalinzi ni haki inayopatikana kisha kutoa zawadi kwa mwami ao shefu, kwa desturi ngombe ao mbuzi, na watoto wanairizi. Bwasa ni kukodi kwa muda tu, na mulimaji hana ruhusa ya kupanda migomba ao kahawa. Mwenye bwasa hana cha kuuza, hata kama amelima hapo miaka kumi. Swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: udongo huu aliupata kwa njia gani?

Hatua mbele ya kulipa

- Kutembea mipaka yote muchana, pamoja na majirani wa pande zote ine. Jirani anayekataa kuja ana sababu; inafaa kuijua.
- Kuona familia nzima ya muuzaji: bibi, ndugu, watoto wakubwa. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inaomba makubaliano ya bibi na bwana wakati wa kuuza udongo wao.
- Kuuliza kwa ofisi ya ardhi kama hakuna sertifika ingine, ao plantasio ya zamani, iliyoandikishwa hapo.
- Kuandika mukataba wa kuuzisha mbele ya mashahidi na shefu wa kijiji, na vipimo, majina ya majirani na bei. Feza inahesabiwa mbele ya wote.
- Kuendelea mupaka kwa sertifika: uchunguzi wa haki za watu kwenye udongo, kupima, kusimika alama za mipaka, mukataba na Serikali. Karatasi ya shefu ni mwanzo wa njia, haiko mwisho wake.

Pahali pa kuepuka

Ndani ya mbuga za taifa, kama Virunga ao Kahuzi-Biega, hakuna mauzo yenye nguvu, hata kama karatasi ina muhuri. Kando ya mito na chini ya milima iliyokatwa miti, bei ndogo inaficha hatari. Aprili 2020 muto Mulongwe ulibomoa manyumba Uvira. Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi katika wilaya ya Kalehe, maji na mawe viliua watu zaidi ya 400. Kati ya Goma na Sake, kuna mashimo ya mazuku, gazi isiyoonekana inayoua watu na wanyama. Wazee wa pale wanajua maji yalipita wapi na mbuzi zilikufa wapi.

Nyumba inayofuata hewa ya pahali

Kabare, Walungu, Lubero ao Masisi, adui wa usiku ni baridi. Ukuta munene wa udongo, sentimetre 30 ao zaidi, unashika joto ya muchana na kuirudisha usiku. Uvira, Fizi na bonde la Ruzizi, adui ni jua. Huko pande ndefu za nyumba zinatazama kaskazini na kusini, na madirisha yanatazamana ili upepo upite. Pande zote mbili, manjanja bila plafoni ni shida: muchana yanachoma, usiku yanapitisha baridi. Plafoni ya mianzi ao mikeka haiombi feza nyingi.

Matofali ya kuchoma yanakula kuni nyingi. Matofali mabichi yanadumu kama yanakaa kavu: musingi wa mawe unaopanda nusu metre juu ya udongo, na manjanja yanayotoka inje ya ukuta zaidi ya nusu metre. Kuna pia matofali ya kugandamizwa na mashini ya mikono, yenye simenti kidogo, hayachomwi.

Jiko, taa na maji

Jikoni njo kunakula moto zaidi, siyo taa. Mbabula nzuri inayopunguza makala, na jiko lenye bomba la moshi, vinaokoa feza kila siku na macho ya wamama. Taa tano ndogo za wati 5, zikiwaka saa 4, zinaomba wati-saa 100 tu. Paneli moja ya jua ya wati 50 na batri yake inaweza kutosha. Na mvua ya milimetre 20 juu ya manjanja ya metre 40 za mraba inaleta karibu litre 800 za maji. Bidoni na mufereji vinalipa haraka.

Kwa mwenye feza kidogo, mupango unaofaa ni vyumba viwili kwanza, musingi na manjanja vikiwa vimepangwa kupokea vingine baadaye. Lakini feza ya karatasi za udongo inawekwa pembeni mbele ya tofali la kwanza. Nyumba inaweza kungoja mwaka moja. Kesi ya udongo inaweza kurizishwa mupaka kwa wajukuu.