Kiva au uasi? Vita vya Usambara bado vinawagombanisha wazee wa Tanga

Hapa Tanga, mtaani Ngamiani, wanaishi Wabondei, Wasambaa, Wadigo, Wasegeju na Wazigua. Wameoleana, wamezikana, na habari za nani alimtawala nani huletwa kwa utani tu. Lakini vikitajwa vita vilivyofuata kifo cha Mfalme Kimweri wa Usambara, utani hukoma. Mzee wa Kibondei atasema ile ilikuwa kiva, wakati wazee wake walipowatoa watawala wa Kikilindi katika nchi ya Wabondei. Mwenye damu ya Kikilindi atasema ulikuwa uasi, na usingezuka kama Semboja asingemgeuka mtoto wa kaka yake.

Ugomvi huu una zaidi ya miaka 150, na unastahili kusikilizwa, maana kila anayevipa vita vile jina huwa ameshataja mkosaji.

Mambo ya mwanzo yanajulikana. Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu, aliingia milimani akapewa ufalme, na ukoo wake wa Wakilindi ukatawala. Kimweri ye Nyumbai, aliyekaa Vugha, aliufikisha utawala hadi Bonde, nchi ya Wabondei, na pwani, ambako madiwani walihitaji kutambuliwa naye na Sultani wa Unguja pia. Mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848, na msafiri Burton mwaka 1857. Kimweri alifariki mwaka 1862.

Tatizo ni kwamba Kimweri aliishi mno. Mrithi wake, Mshuza, alikufa kabla ya baba, na kiti kikaenda kwa mjukuu, Shekulwavu. Desturi ilikuwa Simba Mwene mpya, yaani mfalme, awaweke watoto wake kuwa mazumbe, yaani machifu, wa wilaya, ili amri na kodi virudi kwake. Shekulwavu alikuwa kijana. Wilaya zilikuwa mikononi mwa watoto wa Kimweri, yaani baba zake wadogo, watu wazima wenye ndevu na mali, na hao hawakuwa tayari kumpelekea kodi mtoto wa jana.

Mkubwa wao kwa nguvu alikuwa Semboja wa Mazinde. Anayesafiri leo kutoka Tanga kwenda Moshi hupita Mazinde bila kugeuza shingo, akiitazama milima upande wake wa kulia. Wakati ule ilikuwa ndiyo njia ya misafara iliyopanda kutoka Pangani kufuata bonde la mto. Pembe za ndovu na watumwa walipita chini, tambarare. Bunduki, baruti na nguo zikapanda kwa njia ileile. Vugha ilikuwa juu milimani, mahali pa matambiko na heshima, mbali na soko. Semboja, Mwislamu aliyezoeana na wafanyabiashara wa pwani, alikuwa na bunduki ambazo mfalme hakuwa nazo.

Mwishoni mwa miaka ya 1860 alimtoa Shekulwavu Vugha. Hapa ndipo kisa kinaponishangaza kila nikisomapo. Alipigana na damu yake kwa ajili ya kiti, na alipokipata hakukikalia. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, kisha yeye akarudi Mazinde kwenye njia yake ya misafara. Kama vita vilikuwa vya kugombea urithi tu, kwa nini mshindi aliukimbia urithi? Kwangu mimi swali hilo linatosha kuonyesha kwamba nguvu ilikuwa imeshateremka mlimani kabla hajafa mtu.

Shekulwavu alitafuta msaada upande wa Bonde. Ipo simulizi kwamba yeye mwenyewe, kwa uchungu wa kutupwa na ndugu zake, aliwapa Wabondei idhini ya kuwaondoa mazumbe wa Kikilindi. Wabondei hawakuhitaji kusukumwa sana. Kwa miaka mingi walikuwa wameona wake na watoto wao wakichukuliwa kwa kesi ndogo na kuuzwa. Walipoinuka, kibao kiligeuka: Wakilindi waliuawa, wakafukuzwa, na wengine wakauzwa pwani, wao ambao jana walikuwa wauzaji. Hiyo ndiyo kiva.

Habari hizi tunazo kwa Kiswahili kwa sababu ya mtu mmoja, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyeandika Habari za Wakilindi. Wamisionari wa Magila, Muheza, ndio waliokichapa kwanza, na East African Literature Bureau ikakitoa upya mwaka 1962. Abdallah aliwajua wakubwa hao kwa karibu, Semboja akiwemo, na baadaye akashika madaraka chini ya Wadachi, yaani Wajerumani. Ni kazi ya thamani kubwa, lakini jina lake linasema habari ni za nani. Msemaji mkuu si mama wa Kibondei aliyeuziwa mtoto.

Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Wasambaa, aliitazama biashara ile ya Pangani na kuonyesha jinsi ilivyoupindua uzani kati ya mlima na tambarare. Yeye ndiye aliyenivuta zaidi.

Si sisi peke yetu tunaogombania jina la vita. Mwaka uleule aliokufa Kimweri, Wamarekani walikuwa katikati ya vita vyao vya 1861 hadi 1865. Serikali ya Kaskazini iliviita vita vya uasi. Watu wengi wa Kusini walivipa baadaye jina la vita baina ya majimbo, na wapo waliokazana kusema sababu haikuwa utumwa. Hapa kwetu, mapigano ya pwani ya 1888 na 1889 Wadachi waliyaita uasi wa Waarabu, ilhali Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliyatungia utenzi alioupa jina la vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Aliyekuja kunyang'anya alimwita mwenye nyumba mwasi.

Wadachi walizikuta pande za Usambara zimechoka. Mwaka 1895 Semboja alikufa na mwanawe Mputa akanyongwa na Wadachi. Waingereza waliwarudisha machifu, na serikali ya uhuru ikauondoa uchifu mwaka 1963.

 Leo hata toleo la 1962 la Habari za Wakilindi nimeliulizia katika maduka ya vitabu ya Ngamiani na kulikosa. Kwa rai yangu, upande wa Bonde jina la kiva lina haki zote, na upande wa Vugha tuseme wazi kwamba vilikuwa vita vya ndugu vilivyolishwa na biashara ya watu. Halmashauri za Muheza na Lushoto, pamoja na makumbusho ya Urithi Tanga, zikichape kitabu cha Abdallah upya, na humohumo ziweke masimulizi ya wazee wa Bonde. Wenye masimulizi hayo wanapungua kila mwaka, na wewe msomaji uliye na bibi au babu Muheza, anza kuyaandika.