Ndege ya mawese iliyoishia kwenye lava, Goma

Leo tuongee ajali ya Goma, ng'ambo tu ya mpaka wetu.

Tarehe 7 Septemba 2007, Antonov An-12 ilitoka Kisangani na mzigo wa mafuta ya mawese. Ilipotua Goma haikusimama. Ilipita mwisho wa kiwanja, ikagonga majiwe ya lava, ikawaka moto. Watu 8 walikufa.

Wengi husema tu: ndege ilikuwa ya zamani, ama rubani alikosea. Inawezekana. An-12 ni za wakati wa Wasovieti, breki zinaweza kukataa, na ndege yenye mzigo mzito inataka nafasi ndefu ya kusimama.

Lakini tuangalie na mahali penyewe. Goma iko juu ya bahari kwa mita 1,500 hivi. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege inagusa chini na mwendo mkubwa zaidi. Halafu Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikafunika upande wa kaskazini wa kiwanja. Njia ya mita 3,000 ikabaki kama 2,000. Miaka mitano baadaye lava ilikuwa bado pale pale.

Na kwa nini mawese yapande ndege? Kwa sababu barabara ya Kisangani iliharibika, na vita ikaifunga.

Rubani anaweza kukosea siku moja, lakini kiwanja kilichokatwa kinasubiri kila ndege. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kuruka hapo hapo, ikaingia Birere, kwenye soko na nyumba za watu.