Katika Orodha Ndefu ya Vitabu, Tusome Kipi Kwanza?

Mtu wa Chole katika wilaya ya Kisarawe akitaka kitabu, hupewa orodha ndefu ya majina, naye mfukoni ana fedha ya kitabu kimoja tu. Basi hujiuliza, Nisome kipi sasa? Wengine hufuata jina linalopendeza, wengine hununua kile walichokiona kwa jirani. Lakini orodha yenyewe haikujiandika. Wako watu waliochagua kabla yetu vitabu vya kufasiriwa na kupigwa chapa, na habari zao zafaa tuzijue, maana ajuaye jinsi kitabu kilivyomfikia hachagui kwa kubahatisha.

Tuanze Unguja. Mwaka 1864 Edward Steere alifika huko pamoja na Askofu Tozer. Miaka iliyofuata, vijana waliookolewa katika utumwa walifundishwa kupanga herufi na kupiga chapa. Kazi kubwa ya Steere ilikuwa kufasiri Maandiko, naye aliifanya mpaka kufa kwake mwaka 1882. Agano Jipya lilitoka kwanza, na Biblia nzima baadaye. Walakini tusisahau jambo moja. Mwaka 1870, kabla ya hayo yote kutimia, alitoa kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja wenyewe. Mgeni huyu alijua kwamba lugha hupatikana vinywani mwa wenyewe; kwa hiyo aliketi na kusikiliza kwanza, ndipo akafasiri.

Huku kwetu Uzaramo wamisioni wa Kijerumani walianza kazi Kisarawe mwaka 1892, na Maneromango mwaka 1895. Watoto wakajifunza kusoma, na kila ajuaye kusoma hutamani kitu cha kusoma. Mwaka 1910 likatoka Dar es Salaam gazeti lililoitwa Pwani na Bara. Siku zile hapakuwa na shida ya kuchagua, maana vitabu vilikuwa vichache mno. Mtu alisoma alichokipata, akakirudia.

Shida ya kuchagua ilikuja baadaye. Mwaka 1928 wakuu wa elimu walikutana Mombasa, wakakubaliana kwamba Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa lugha ya vitabu vya shule. Mwaka 1930 ikaundwa Halmashauri ya Lugha kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, na katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kazi yao ilikuwa kuweka tahajia moja na kuvipitia vitabu kabla ya kuingia shuleni. Faida yake ni kubwa, tusiikatae: mtoto wa Kisarawe na mtoto wa Kisumu waliweza kusoma kitabu kimoja na kuelewana.

Lakini tutazame ni vitabu gani vilivyotangulia. Johnson mwenyewe alifasiri Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, vilivyotoka mwaka 1929, kisha Safari za Gulliver. Ni hadithi nzuri, na Kiswahili chake ni safi. Katika Mashimo ya Mfalme Sulemani Waingereza watatu wanasafiri katika Afrika, nako kuna almasi, na vita, na Mwafrika ambaye mwisho anajulikana kuwa ndiye mfalme wa haki. Lakini mwenye kusimulia ni mwindaji Mwingereza, na mfalme yule twamwona kwa macho ya mgeni wake tu. Waliochagua vitabu hivi hawakuwa watu wabaya. Walichagua walivyovipenda utotoni mwao. Wenye lugha hawakuwamo katika Halmashauri kwa miaka mingi; Waafrika walianza kuketi humo katika miaka ya 1940.

Je, hapakuwa na vitabu vya wenyewe? Vilikuwapo. Huko Magila, kati ya mwaka 1895 na 1907, mtambo wa misioni ulipiga chapa sehemu kwa sehemu Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, Mwislamu aliyekaa na wafalme wa Usambara na kuziandika habari zao tangu Mbega. Mwaka 1934 kilitoka Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela wa Freretown, karibu na Mombasa, mtoto wa mtu aliyetekwa na kuokolewa. Aliandika mambo ambayo wazee wake waliyaona kwa macho.

Na yuko mmoja aliye karibu nasi zaidi. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mwalimu wa Bagamoyo, mwenye asili ya Kizaramo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na huko alifariki mwaka 1927. Sehemu kubwa ya kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichopigwa chapa Ujerumani mwaka 1903, ni maneno yake: kuzaliwa, chuo, arusi, madeni, utumwa na mazishi ya watu wa pwani. Lakini juu ya jalada limeandikwa jina la Carl Velten, Mjerumani aliyeyakusanya. Basi mtu wa Chole aweza kupitisha kidole katika orodha nzima asijue kwamba ndani ya kitabu chenye jina la mgeni anasema mtu wa nchi yake.

Tufanyeje? Sisemi tuviache vitabu vya mbali. Asomaye habari za kwake tu hufanana na mtu asiyetoka uani. Lakini kabla ya kutoa fedha tuulize maneno matatu: Ni nani aliyekichagua kitabu hiki? Ni nani asemaye ndani yake? Na ni nani aliyeonwa ndani yake ila hakupewa nafasi ya kusema? Kisha tuweke zamu: tukiisha kusoma kimoja cha mbali, kinachofuata kiwe cha karibu. Na kikiwa hakimo katika orodha, tukiombe. Watu watano wakichanga, kitabu kimoja chawatosha, na jioni mmoja aweza kuwasomea wazee wasiojua kusoma. Wazee wakisikia desturi alizoandika Mtoro watasema, Hapa amesema kweli, na hapa kwetu haikuwa hivyo. Maneno hayo nayo yaandikwe, maana wazee wanapungua kila mwaka. Kitabu kisichoombwa na mtu hakipigwi chapa tena, na neno la mzee lisiloandikwa huzikwa naye.