Asiyejiandaa Hubebwa: Somo la Njia ya Misafara

Wapagazi wa karne ya 19 walikuwa na neno terekeza. Msafara uliokabili nchi isiyo na maji haukuondoka alfajiri kama ilivyokuwa desturi. Watu walipika asubuhi, wakala, wakanywa hadi kutosheka, wakajaza vibuyu, kisha wakaanza safari jua likiwa limeshapita utosini. Walitembea hadi usiku, wakalala pakavu, na kulipopambazuka walikuwa tena njiani kuyafuata maji yaliyo mbele. Hiyo ndiyo terekeza. Ndani ya neno hilo moja mlikuwa na hesabu ya umbali, ya joto, ya uzito wa mzigo na ya kiu ambayo mwili wa binadamu unaweza kuivumilia. Watu wenye neno kama hilo hawakuwa wakibahatisha porini. Walikuwa na elimu ya njia.

Naanza na neno hili kwa sababu njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa, Ugogo na Tabora hadi Ujiji, imesimuliwa kwa muda mrefu kama uwanja wa mashujaa wachache waliopenya pori lisilojulikana. Hoja yangu ni tofauti. Njia ile ilikuwa kazi yenye kanuni, ujira na ujuzi, na mtu aliyeiingia bila maandalizi hakuivuka kwa ushujaa wake. Alibebwa. Maswali yanayompasa mwanahistoria, na raia pia, ni mawili: nani alimbeba, na alilipwa nini?

Tuanze na wabebaji wenyewe. Wanyamwezi waliifanya kazi ya upagazi kuwa taaluma. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani takriban kilo 32, mbali na vyombo vya mpagazi mwenyewe: mkeka, chungu na silaha. Mbele alitangulia kirangozi aliyeijua njia na kuchukua bendera, na mwendo wa wote ulifuata mwendo wake. Ujira ulikubaliwa kabla ya safari, kwa nguo au bidhaa nyingine. Juu ya ujira kulikuwa na posho, ambayo kwa kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Posho ilipokatwa au mzigo ulipozidi, wapagazi waligoma, au waliuweka mzigo chini wakaondoka usiku. Wageni waliita jambo hilo utoro na uvivu. Sisi tunaosoma historia ya kazi tunaona wafanyakazi walioujua mkataba wao.

Hata pori lenyewe halikuwa tupu. Marenga Mkali, nchi kavu iliyotenga Mpwapwa na Ugogo, na Mgunda Mkali, iliyotenga Ugogo na Unyanyembe, zilikuwa na vituo vinavyojulikana, na mahali pa maji palipimwa kwa mwendo wa siku. Tayari katikati ya karne ile wakulima walikuwa wakifyeka sehemu za Mgunda Mkali na kuanzisha vijiji. Huko Ugogo, watawala walidai hongo kabla ya msafara kupita na kunywa. Wasafiri wa Ulaya walijaza kurasa wakiilalamikia hongo kana kwamba ni unyang'anyi. Lakini katika nchi ambayo kisima huchimbwa kwa jasho na hukauka kabla ya mvua, mamia ya watu na punda wanaofika kwa siku moja ni gharama, na mwenye kisima alikuwa na haki ya kuidai.

Sasa tuwatazame waliobebwa. Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani Juni 1857. Wapagazi waliopatikana hawakutosha, na sehemu ya mizigo iliachwa nyuma, ikiwamo mashua ya chuma. Walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, wakapokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, aliyewapa makao na maelezo mengi ya nchi za mbele. Walipoliona Ziwa Tanganyika tarehe 13 Februari 1858, Speke alikuwa karibu kipofu kwa maradhi ya macho, na Burton alikuwa amedhoofika kwa homa kiasi cha kutoweza kutembea. Aliyemweleza Burton kwamba ule mng'aro wa mbali ulikuwa maji ni Sidi Mubarak Bombay.

Walikuwa wamefika ziwani bila chombo cha kulivukia. Speke alivuka kwa mtumbwi kutafuta jahazi la kukodi, akarudi mikono mitupu. Baadaye walipiga makasia hadi Uvira katika mitumbwi ya wenyeji, lakini mdomo wa mto Ruzizi, ambao ndio waliotaka kuuona kwa macho yao, hawakuufikia. Mashua iliyoachwa pwani iliamua mwisho wa safari kabla safari haijaanza.

Vitabu vilivyoandikwa baadaye viliwapa waandishi wake jina. Kuhusu malipo, mambo yalikuwa mengine. Waliporudi Zanzibar mwaka 1859, baadhi ya watu walioandamana nao hawakupewa walichoahidiwa. Christopher Rigby, konseli wa Uingereza kisiwani humo, aliliandikia jambo hilo serikali ya Bombay, na Burton akalaumiwa. Ugomvi wa Burton na Speke kuhusu chanzo cha Naili unafundishwa hadi leo. Ugomvi wa mishahara haufundishwi, ingawa ndio unaotueleza jinsi safari yenyewe ilivyowezekana.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1871. Henry Morton Stanley alipokwenda kumtafuta Livingstone aliwachukua Wazungu wawili, William Farquhar na John Shaw. Wote wawili walikuwa mabaharia. Farquhar aliugua akaachwa karibu na Mpwapwa, akafia huko. Shaw alishindwa kuendelea baada ya Unyanyembe, akarudishwa, naye akafa. Siwataji ili kuwadhihaki. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wa bahari waliopelekwa bara na mwajiri mwenye haraka. Na tangu walipoanza kuugua, walibebwa na punda na watu, nao waliowabeba hawakuwa na nafasi ya kuulizwa kama safari ile iliandaliwa vyema.

Miaka michache iliyopita nilitembea kipande cha njia hiyo, kutoka Chunyo, magharibi ya Mpwapwa, kuelekea Mvumi, nikilinganisha maandishi ya zamani na ardhi. Rafiki yangu wa tangu chuo, ambaye sasa ni mtumishi wa umma wa ngazi ya juu, aliomba tufuatane. Nilimtumia orodha wiki tatu kabla: viatu vilivyozoea miguu, kofia pana, lita tano za maji, chakula cha siku mbili, mzigo usiozidi kilo kumi. Alifika na raba mpya zilizonunuliwa siku iliyotangulia, chupa ya maji ya lita moja na nusu, kompyuta ya mkononi, betri mbili za akiba za simu, na koti la suti kwa ajili ya kikao cha keshokutwa yake. Nilipomuuliza kuhusu maji alinipiga begani.

"Daktari, punguza hofu. Kule kuna watu."

Alikuwa na haki. Kulikuwa na watu. Kufikia saa saba mchana maji yake yalikuwa yameisha na visigino vimechubuka. Tulikaa chini ya mbuyu pembezoni mwa shamba la mtama lililokwisha kuvunwa. Mama mmoja alipita na ndoo kichwani, akatusalimu "Mbukwenyi", akaitazama miguu ya rafiki yangu, akaitua ndoo bila kuulizwa. Maji yale yalikuwa na chumvi kidogo, kama wasafiri wa zamani walivyoyaeleza maji ya Chunyo. Yalichotwa katika kisima kilichochimbwa mchangani mwa mto mkavu, mwendo wa saa moja kwenda na saa moja kurudi. Rafiki yangu alikunywa nusu ndoo, akanawa uso kwa yaliyobaki. Mama aliichukua ndoo tupu akageuka kurudi mtoni.

Kuanzia hapo begi lake lilibebwa na kijana wa kijiji hicho, aliyekuwa amevaa kandambili. Kijana alitembea mbele yetu akitueleza miti na mipaka ya mashamba, na mara mbili alituzuia tusifuate njia ya ng'ombe inayopotea vichakani. Jioni rafiki yangu alitoa noti mbili kumpa ahsante. Kijana akazipokea kwa mikono miwili, akasema kwa adabu, "Shikamoo mzee, lakini kibarua cha shambani siku moja ni zaidi ya hii." Rafiki yangu alicheka, kisha akaniangalia, kisha akaongeza. Asubuhi yake alichukuliwa na pikipiki, nami nikamaliza njia na yule kijana, kwa ujira tuliokubaliana kabla ya kuondoka.

Ni mtu mkarimu, na nampenda. Ofisini kwake husifiwa kwa kutokata tamaa. Picha alizowatumia wenzake zilimwonyesha akiwa na fimbo mkononi na upeo wa Ugogo nyuma yake; ndoo haikuwamo, wala kijana. Naamini hakuziacha kwa hila. Maandalizi aliyoyakosa yalilipiwa na wengine kwa utulivu mkubwa hata hakupata sababu ya kuyakumbuka. Lile tamko lake, "kule kuna watu", naliona kuwa falsafa kamili ya utawala, na ina historia ndefu kuliko yeye.

Historia hiyo ilifikia kilele chake katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini vita havikubaki kando ya reli. Majeshi ya pande zote mbili yaliingia nyikani yakitegemea mabega ya watu, na serikali za kikoloni zikakamata wanaume vijijini kana kwamba watu hawaishi. Mpagazi wa karne ya 19 alijadili ujira na kuondoka akidhulumiwa. Mbebaji wa vita hakuwa na ruhusa hiyo. Kwa upande wa Waingereza peke yake wabebaji walihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria, vichomi na njaa. Majemadari walikuwa na ramani na tarehe. Kibaba cha kila mtu kwa kila siku, ambacho kirangozi yeyote angekihesabu kabla ya kuinua bendera, hakikuhesabiwa. Sanamu ya Askari iliyowekwa Dar es Salaam mwaka 1927 inaonyesha mwanajeshi na bunduki yake. Kumbukumbu ya mbebaji imebaki katika jina la soko, Kariakoo, linalotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wabebaji, na wanunuzi wengi hupita hapo bila kulijua hilo.

Maneno mawili ya njia ile bado yamo katika ofisi zetu, yakiwa yamebadilika sura. Hongo, iliyokuwa ushuru wa wazi kwa mwenye nchi na maji, sasa ni rushwa ya siri kwa asiyemiliki chochote. Posho, iliyokuwa kibaba cha anayebeba mzigo, sasa ni fedha ya anayehudhuria kikao kuujadili mzigo. Wakati huohuo mpango hutangazwa, tarehe ya kuanza huwekwa, na vifaa hufuata baadaye au havifuati. Mwalimu hununua chaki. Mhudumu wa afya wa kijiji hutembea kwa miguu kutoka kaya hadi kaya. Ofisa mtendaji huchangisha familia ambazo zimeshachangia. Mwishoni ripoti husema lengo limefikiwa, na mara nyingi ni kweli limefikiwa, kwa sababu kule kuna watu.

Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wataniambia kwamba hakuna serikali inayoweza kusubiri hadi kila kitu kikamilike. Nakubali. Hata msafara uliojiandaa vizuri kuliko yote uliishiwa maji mara moja moja. Lakini kuna tofauti kati ya upungufu uliokadiriwa na kulipiwa, na upungufu ulioachwa umwangukie atakayekuwa karibu. Terekeza ilikuwa njia ya kukabili upungufu: kila aliyekwenda alijua kabla ya kuondoka kwamba usiku huo atalala na kiu, alijua kwa nini, na alikuwa amekubali ujira wake.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu huwapa zoezi moja kila muhula. Wachague mpango wowote wa umma wa miaka ya karibuni, wausome tangu utangulizi hadi bajeti, kisha waandike ukurasa mmoja kuhusu mambo matatu: nani atabeba, atabeba kilo ngapi, na kibaba chake kimeandikwa wapi. Ukurasa huo huwachukua muda mrefu kuliko tasnifu nzima. Naomba watumishi wa umma nao waujaribu, kwa mpango ulio mezani mwao wiki hii.