Baridi Ilisingiziwa: Habari za Farasi, Punda na Maji ya Mwezi wa Saba



Leo siandiki kuhusu mbolea wala viwavijeshi. Naandika historia kidogo, na nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, mama mmoja anayenunua mahindi vijijini na kuyaleta sokoni kwa mkokoteni alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Punda wake mmoja kati ya wawili alikuwa amelala chini, hainuki, masikio yamepoa. Mnaijua baridi yetu ya Ufipa mwezi huo: upepo unatoka kusini mashariki, pikipiki inagoma kuwaka, na vidole havishiki kalamu. Nilifika, nikamwangalia yule punda, nikasema, "Mama, hii ni baridi. Mfunike magunia, washa moto karibu yake." Tukafanya hivyo. Kesho yake jioni akafa.

Tulipompasua, utumbo mpana ulikuwa umejaa kinyesi kikavu, kigumu, kimeshikamana kama udongo wa tofali uliosahaulika juani. Mama akaniangalia akauliza, "Sasa bwana mifugo, baridi ndiyo inakausha tumbo?" Nikamuuliza alikuwa anampa maji saa ngapi. Akajibu, "Asubuhi kabla ya safari. Lakini maji ya asubuhi ni kama barafu, anagusa kwa mdomo anaacha. Nikajua hana kiu."

Sikuwa na jibu la kumpa pale pale. Yule punda alikuwa nusu ya biashara yake, na mimi nilikuwa nimemfunika magunia. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za wanyama wa kazi na baridi kila ninapopata muda. Kilichonishangaza ni kwamba kosa letu ni la zamani sana, na wakubwa kuliko sisi walilifanya.

Tuanze hapa hapa nyumbani. Vijana huniuliza kwa nini Ufipa hatuna farasi wakati nyanda zetu ni wazi, zina majani, na baridi yake ingemfaa. Wazee wengi hujibu kwamba farasi ni mnyama wa Wazungu. Jibu lenyewe lina mbung'o ndani yake. Juu huku hakuna mbung'o wa kutisha, ndiyo maana ng'ombe wamekaa Ufipa tangu enzi za mababu, hadi sotoka ilipopita miaka ya 1890 na kufyeka mazizi karibu Afrika Mashariki yote. Lakini ukishuka bonde la Rukwa, au ukishuka upande wa Ziwa Tanganyika, unamkuta mbung'o na ndorobo yake. Farasi wa kuletwa angefikaje huku juu bila kupita huko chini?

Kuna na adui wa pili, ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huenezwa na usubi wanaoruka usiku, hasa msimu wa mvua. Farasi anashikwa leo, na baada ya siku chache povu linamtoka puani. Punda wetu huweza kuupata bila kuugua sana, na hiyo ni sababu moja kubwa kwamba Afrika yetu ni ya punda. Sasa sikilizeni: kule Afrika Kusini wafugaji wa farasi huisubiri baridi kwa hamu, kwa sababu umande ukiganda mara ya kwanza usubi hupungua na vifo hukoma. Kwa hiyo katika bara hili baridi imekuwa rafiki wa farasi kuliko joto. Mimi nilidhani kinyume.

Vita Kuu ya Kwanza ilifika mpaka mlangoni petu. Tarehe 25 Mei 1916, majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini kuingia koloni la Wajerumani. Kikosi kimoja, chini ya Murray, kilitoka Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia. Kilizingira ngome ya Wajerumani ya Namema, na tarehe 8 Juni kikaingia Bismarckburg, yaani Kasanga yetu. Hesabuni miezi: mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni, baridi inapoanza kukaza. Na mizigo ya vita ile, unga, risasi na dawa, ilibebwa zaidi na vichwa vya watu. Wapagazi hao waliitwa tengatenga. Katika vita nzima ya Afrika Mashariki walikufa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na uchovu. Mnyama asipoweza kubeba, mzigo hauondoki, unahamia kwa binadamu. Mama yule alibeba debe zake kichwani wiki tatu baada ya punda kufa, kwa hiyo jambo hili halihitaji vita ili lionekane.

Kaskazini ya nchi mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu kule Waingereza walileta farasi kweli. Mwezi wa Aprili 1916, Jenerali Van Deventer aliondoka upande wa Arusha na askari wapanda farasi wa Afrika Kusini kuelekea Kondoa. Njiani kuna mlima Lolkisale. Maji ya eneo lile yalikuwa mlimani, na Wajerumani walikuwa wamekaa juu ya maji hayo. Mapigano yalianza tarehe 4, na hadi walipojisalimisha tarehe 6, zaidi ya askari 400, farasi wa Van Deventer walikuwa wamesimama jua na usiku bila kunywa. Walifika Kondoa kabla mwezi haujaisha, lakini farasi wengi walikuwa wamekwisha kufa au hawafai tena, na mvua ya masika ikaleta usubi juu ya uchovu.

Hesabu inayotajwa sana katika historia ya vita ile ni ya kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Novemba 1916: farasi 10,000, nyumbu wa kufugwa 10,000, maksai 11,000 na punda 2,500 walikufa upande wa Waingereza. Miezi miwili tu. Wengi ni ndorobo na ugonjwa wa farasi, lakini mnyama aliyekonda, mwenye kiu, aliyefungwa mzigo mchana kutwa, ndiye anayeanguka kwanza. Hakuna kilo moja ya barafu katika habari hiyo.

Basi nikajiuliza, na kule kwenye baridi ya kweli? Ndipo nikakutana na habari za Napoleon, mfalme wa Wafaransa, aliyeivamia Urusi mwaka 1812. Wengi tumesikia kwamba theluji ya Urusi ndiyo iliyomshinda. Tazama tarehe. Alivuka mto Niemen tarehe 24 Juni, wakati wa joto. Katika wiki za kwanza tu farasi wake kwa maelfu walikufa, kwa sababu walilishwa nafaka mbichi ya mashambani, wakanyeshewa, wakakokota mabehewa kupita nguvu zao. Aliondoka Moscow tarehe 19 Oktoba, na theluji ikaanza kuanguka Novemba. Kwa hiyo jeshi la farasi lilikuwa limeharibika kabla ya baridi kuja.

Baridi ilipofika ilimalizia kazi, na ilimalizia kwa njia ambayo mfugaji wa Laela anaweza kuielewa. Msimamizi wa farasi wa Napoleon alikuwa mtu anayeitwa Caulaincourt, aliyewahi kuwa balozi Urusi na kuijua baridi yake. Katika kumbukumbu zake anaeleza mambo mawili. La kwanza ni viatu vya chuma: farasi wa jeshi hawakuwa na viatu vyenye meno ya kushika barafu, wakateleza, wakaanguka, wasiinuke. Farasi wa nyumba ya mfalme, ambao yeye mwenyewe aliwatengenezea viatu vya namna hiyo, walipona kwa wingi. La pili ni maji. Maji yalikuwepo, lakini chini ya barafu. Ilitakiwa mtu mwenye njaa, anayetetemeka, aende usiku akavunje barafu na kuteka. Wengi hawakwenda. Farasi alikufa kwa kiu karibu na mto.

Niliposoma hapo nilikaa kimya. Sisi hatuna hata barafu ya kuvunja. Tuna maji ya baridi tu, na bado tunasema mnyama hana kiu.

Habari ya tatu nitaipitia haraka, ni ya Mwingereza Scott aliyekwenda Ncha ya Kusini ya dunia. Mwaka 1910 alichukua farasi wadogo 19, akampa kazi ya kuwatunza mtu anayeitwa Oates, askari mpanda farasi. Mwishoni farasi wote walikufa au kupigwa risasi, na Scott na Oates nao hawakurudi, kwa hiyo siwasifu kwa mpango wao. Lakini Oates alifanya mawili ya kujifunza. Kila walipopiga kambi walijenga ukuta wa theluji kuwakinga farasi na upepo. Na safari ya Novemba 1911 walitembea usiku, wakapumzika mchana, ili farasi asimame bila kazi wakati jua lina joto. Mnyama anayetembea anajipasha moto mwenyewe. Anayesimama na jasho katika upepo ndiye anayeumia.

Sasa turudi Laela. Hapa kwetu baridi na kiangazi vinakuja pamoja, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwezi wa pili maksai wako anakula, tuseme, kilo 40 za majani mabichi. Robo tatu ya majani hayo ni maji, kwa hiyo amekula lita 30 za maji bila kuinamia ndoo. Mwezi wa saba anakula kilo 11 za mabua na majani makavu. Ndani yake kuna kama lita moja tu. Lita 29 zimepotea na hakuna aliyeziona. Wewe unaona baridi, unasema mahitaji ya maji yamepungua, kumbe kwenye ndoo yameongezeka.

Punda ndiye anayetudanganya zaidi. Ameumbwa kwa jangwa. Anaweza kupoteza maji mengi mwilini, hadi robo ya uzito wake, na bado anavuta mkokoteni. Halalamiki kama ng'ombe. Utamjua kwa kinyesi: kikiwa vidonge vidogo, vikavu, vyeusi, au hakuna kabisa tangu jana, usingoje aanguke. Piga simu. Na tafadhali usimmiminie mafuta ya kula mdomoni kwa chupa, kama nilivyoona yakifanywa. Yanaingia kwenye mapafu, na hapo hata daktari hana la kufanya.

Kuhusu maji yenyewe, msinunue kitu. Maji yaliyolala kwenye pipa wazi usiku ndiyo yanayokataliwa asubuhi. Maji yanayotoka moja kwa moja kwenye kisima kirefu au bomba la kusukuma kwa mkono yana uvuguvugu wa ardhini; teka na umpe papo hapo. Kama unategemea mto au pipa, mpe saa nne au saa tano jua likishapiga, umpe tena jioni mkirudi. Maksai mzima wa kazi mhesabie lita 30 hadi 50 kwa siku, punda lita 10 hadi 25, kutegemea umbo na kazi. Chumvi ya kulamba iwepo zizini, maana humfanya mnyama atafute maji. Wazee wetu walijua thamani yake: kule Ivuna, kusini mwa bonde la Rukwa, watu walikuwa wakipika chumvi karne nyingi kabla ya Mjerumani.

Zizi lisitazame kusini mashariki. Ukuta wa mabua au matete upande huo unatosha, hamhitaji theluji ya Oates. Na kwenu mnaongoja zamu ya mashine ya kukoboa jioni, msiwaache maksai wenye jasho wamesimama kwenye nira mbele ya upepo saa mbili nzima. Wafungue, wasogeze nyuma ya jengo, wakaushe kwa majani makavu.

Magunia si mabaya. Mfunike kama ni mgonjwa, mzee au ndama. Ila gunia lianze baada ya ndoo.

Yule mama alinunua punda mwingine mwaka jana baada ya mavuno. Mwezi wa saba huu nilimkuta njiani akiwa ameegesha mkokoteni pembeni ya lami, saa nne kasoro, na dumu la lita 20 limekatwa juu. Punda wote wawili walikuwa wamezamisha midomo. Akaniambia anachota kwenye kisima cha jirani na kulifunga dumu kwa gunia lisipoe njiani. Hilo sikumfundisha mimi.