Sindano za Spoku

Sweta ya Julai hufumwa Januari. Ukingoja baridi ianze ndipo utafute uzi, utaimaliza Septemba watu wakiwa wamesharudi kwa tisheti. Ndiyo maana kila Jumapili ya kiangazi, kuanzia Januari hadi mvua ya Machi ituondoe, utatupata wanne juu ya paa la ploti moja Umoja, katikati ya kamba za nguo na matangi ya maji, tumekalia mitungi tuliyoipindua, tunafuma.

Mmoja wetu ana duka la M-Pesa. Hufuma mavin, zile kofia za kuvuta hadi masikioni, kwa sababu anaweza kufuma bila kuangalia huku akihudumia wateja. Wa pili ni msusi. Yeye ni wa kroshia, vitopu vya kwenda navyo Diani ambavyo wateja wake hununua kabla hata hajamaliza. Wa tatu ana mimba ya miezi saba na shali ya mtoto ambayo ameifumua mara tatu. Mimi niko na sweta moja, ileile tangu mwaka jana. Hatufichani kazi. Unafika, unatoa ulichofuma wiki nzima, kinapitishwa mkono kwa mkono, kinavutwa, kinainuliwa juani kutafuta vitanzi vilivyoruka, na mtu anakuambia bila haya kwamba mkono wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia. Halafu tunarudi kwa mambo ya maana: maji yamepotea tangu Alhamisi, kodi imeongezwa, nani ameachwa na nani. Mtoto wa jirani anatumwa barafu.

Sindano zangu ni spoku za baiskeli. Zilikuwa za shosho. Mtu alizikata zikalingana, akazisugua ncha kwenye jiwe hadi zikawa laini, na upande wa nyuma akazikunja kidogo ili vitanzi visitoroke. Shosho alipofariki 2019, watu waligawana masufuria, mablanketi na mbuzi. Mkebe wa mafuta ya kupikia uliokuwa na hizo spoku haukutakwa na mtu, nikauchukua. Nilidhani ni umaskini uliozitengeneza. Nilikuwa nimepata nusu ya jibu.

Nilisomea historia chuoni kwa miaka miwili na nusu kabla karo haijanishinda. Katika muda huo Hali ya Hatari nilifundishwa vizuri tu: tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring, kesi ya Kapenguria, msitu, vizuizi. Sikumbuki somo hata moja lililotaja uzi. Na bado uzi ulikuwepo, tena mwaka huohuo.

Maendeleo ya Wanawake ilianza 1952, chini ya idara ya serikali ya kikoloni iliyoshughulikia maendeleo ya jamii. Waanzilishi wake walikuwa wanawake wa kizungu, wake wa maofisa na masetla, na wasimamizi wa klabu walifunzwa Jeanes School, Kabete. Humo kwenye klabu mwanamke Mwafrika alifundishwa usafi, kulea mtoto, kuoka, kushona na kufuma. Sikia tu hiyo orodha. Nchi inawaka, na serikali inanunua uzi.

Haikuwa ujinga lakini. Idara hiyohiyo ilibeba pia jina la "urekebishaji", yaani kuwatoa watu Mau Mau kichwani, na mkuu wake, Thomas Askwith, alikuwa ametumwa Malaya kuona jinsi Waingereza walivyofanya kule. Waliona kwamba msitu unalishwa na wanawake. Chakula, habari, dawa, risasi, vyote vilipita mikononi mwa akina mama na wasichana. Basi mikono hiyo itafutiwe kazi nyingine. Kuanzia katikati ya 1954, zaidi ya watu milioni moja wa Kati waliondolewa kwenye maboma yao na kurundikwa katika vijiji vilivyozungukwa na mitaro na miti iliyochongwa ncha. Nyumba walizoacha zilichomwa. Kwa lugha ya kwetu kijiji hicho kiliitwa gicagi, na hadi leo mzee akilitamka hilo neno sauti inashuka. Ndani ya vijiji hivyo kulikuwa na kafyu, hom gadi, kazi ya lazima, na klabu. Katikati ya miaka hiyo ya 50 klabu zilikuwa zimefika mamia, na wanachama makumi ya maelfu.

Hadithi ya familia yetu, ile husemwa kwenye mazishi, ni kwamba shosho alikuwa wa msitu. Alibeba chakula usiku, akapigwa, hakusema kitu. Nimeisikia hiyo hadithi tangu niko nasari na siipingi. Lakini Februari mwaka jana nilienda Murang'a kumwona mdogo wake, ambaye yuko karibu kufika miaka 90, na nikabeba sweta yangu ili nisikae mikono mitupu. Aliziona sindano kabla hajaniona mimi.

"Cucu," akasema (sisi huitana hivyo, yeye na mimi), "hizo ni za baiskeli ya baba yetu."

Boma lao lilipochomwa, baiskeli ilibaki chuma tupu. Walipohamishiwa kijijini waliikokota na mabaki mengine, ingawa haikuwa na kazi. Kila asubuhi firimbi ililia na wanawake wakaenda kuchimba mtaro. Shosho alikuwa na mtoto mchanga, mjomba wetu mkubwa, na maziwa yalikuwa yamekauka. Akaingia klabu. Siku ya klabu hakuchimba, na mtoto alipewa maziwa ya unga. Dada yake hakuingia. Aliendelea kuchimba.

Niliuliza swali la mtu wa Nairobi. Nikasema, "Ulimkasirikia?"

"Nilikuwa na njaa," akajibu. Akanyamaza kidogo. "Wasichana wengine waliimba nyimbo za kuwatukana hao wa klabu. Mimi sikuimba."

Klabuni, alivyoniambia, sindano zilikuwa chache. Mzungu alizihesabu akija, akazihesabu tena akitoka. Huwezi kujifunza kufuma saa moja kwa wiki, mkono unasahau. Kwa hivyo jioni moja, mgongo ukiwa bado unauma kwa ajili ya mtaro, huyu aliyechimba alichomoa spoku mbili kwenye ile baiskeli, akazisugua na kumpa yule ambaye hakuchimba. Kitu cha kwanza kilichofumwa nazo kilikuwa kisweta cha mtoto, rangi ya kijivu, uzi wa klabu.

Hiyo ndiyo nusu nyingine ya jibu. Nilirudi nayo Umoja na sikujua niiweke wapi. Kwenye mazishi ya kwetu watu ni wa aina mbili tu, wa msitu na wa hom gadi, na mashamba mengine bado yanagombaniwa kwa hesabu hiyo. Mwanamke aliyebeba chakula msituni mwaka mmoja na mwaka uliofuata akakaa benchi la klabu akihesabu vitanzi hana mstari wake kwenye kijitabu cha mazishi.

Jumapili iliyofuata niliwasimulia wenzangu. Msusi aliweka kroshia chini.

"Kwa hivyo hii kitu yote tunafanya hapa ni ya mkoloni?"

Enyewe hapana, na hapa miaka yangu miwili na nusu ilinisaidia kidogo. Vitu vya zamani zaidi vya kufumwa kwa sindano mbili ambavyo vimebaki duniani vilitoka Misri: soksi za pamba, bluu na nyeupe, za kati ya karne ya 11 na ya 14, nyingine zikiwa zimefumwa na herufi za Kiarabu. Kutoka huko ufundi huo ulipanda kwenda Hispania. Katika makaburi ya kifalme ya Las Huelgas, Burgos, kulipatikana mito ya hariri ya karne ya 13, na wanaojua kazi hiyo wanasema ilifumwa na mafundi Waislamu. Mzungu alikuja kumfundisha Mwafrika kitu ambacho yeye mwenyewe alikipokea kutoka upande huu. Na huko Ulaya, kufuma kulipokuwa na pesa, ilikuwa kazi ya wanaume wenye vyama vyao vya mafundi. Ilikuwa "ya akina mama" baadaye, pesa zilipoondoka.

Msusi alisema sawa, lakini bado ni maziwa ya unga. Hakukosea.

Nimelifikiria sana hilo benchi. Waliolipanga walitaka wanawake watulivu. Sijui kama waliwahi kukaa na wanawake wanaofuma. Mtu akifuma macho yako chini na mdomo uko huru. Paris, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, wanawake waliokaa na sindano zao kwenye mikutano ya kisiasa na kando ya gilotini waliogopwa hadi wakapewa jina lao, tricoteuses, wafumaji. Na mwaka 1954, kijijini ambamo watu wachache kusimama pamoja ilikuwa kujitafutia kesi, klabu ilikuwa mkutano halali. Mdogo wake shosho anasema habari za nani amehamishwa Manyani na nani amerudi akiwa mzima zilitoka kwa dada yake, jioni ya siku ya klabu, kabla hazijafika kwa mtu mwingine yeyote pale kijijini. Hiyo haifuti maziwa ya unga. Vyote viwili vilikuwa kwenye kikapu kimoja na uzi.

Hata klabu zenyewe hazikubaki mahali zilipowekwa. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza Maendeleo ya Wanawake. Miaka mingi baadaye, 1997, akiwa mbunge, ndiye aliyepeleka bungeni hoja ya kutaka wanawake watengewe nafasi zaidi za uongozi. Hoja ilianguka, lakini mambo yake ulikutana nayo tena kwenye Katiba ya 2010. Katikati hapo chama kilirudi mikononi mwa wakubwa: 1987 kilimezwa na KANU, na ikawa akina mama wa Maendeleo ni wa kupanga foleni uwanja wa ndege na kumwimbia Rais. Ukiwa na kikundi cha wanawake kilichojipanga vizuri Kenya, kuna mtu mahali fulani anapiga hesabu ya jinsi ya kukitumia.

Wengi wetu tulikutana na sindano kwa njia nyingine, ya shule. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 ulikuja na Sanaa na Ufundi na Sayansi Kimu, na dada zetu wakubwa wana hadithi za kufuma kitambaa cha mtihani usiku wa manane, yaani mama akifuma na mtoto akilala. Wazazi wa CBC, poleni, hamkuanza nyinyi. Kisha mitumba ilifunguliwa miaka ya 90 na sweta ya kufumwa kwa mkono ikawa kitu cha kuonewa aibu. Iliyobaki ni ile ya sare, inayotoka kwa mashine za mafundi wa Uhuru Market na wengine kama wao. Sisi wa paa tumerudi kwa mikono kwa sababu za ovyo tu: video za simu, kukosa kazi, na kwamba sweta ya mtumba ikifumuliwa vizuri inatoa uzi wa sufu mzuri kuliko akriliki ya dukani. Bei ya uzi Biashara Street siku hizi ni ya kukufanya uheshimu mtumba.

Mdogo wake shosho hakuwahi kujifunza kufuma. Shosho alimfumia sweta mbili kwa miaka yote hiyo, na zote mbili alizigawa. Aliniambia hivyo wazi, akinisindikiza polepole hadi barabarani kwenye vumbi. Nikamuuliza kama mimi naweza kumfumia moja, Julai ya Murang'a si mchezo.

"Sweta hapana," akasema. Alitembea hatua chache. "Miguu ndiyo inapata baridi."

Nimeweka kando ile sweta isiyoisha. Soksi ya kwanza iko tayari, ya kijivu, imepitishwa mkono kwa mkono pale paa na wote wamekubali kwamba ni kubwa mno. Kwenye ya pili nimefika kisigino, na wa M-Pesa anasema nimehesabu vibaya, nifumue.