Kufufua mtambo wa simu wa ofisi: kazi inayoisubiri Mengo

Barabara ya Kabaka Anjagala hapa Mengo, jijini Kampala, inaunganisha majengo mawili makuu ya Buganda: Bulange, ambamo hukutana Lukiiko, yaani bunge la Buganda, na kasri la Twekobe ndani ya Lubiri, boma la kifalme. Bulange ilijengwa kati ya 1955 na 1958, Kabaka (mfalme) Mutesa wa Pili aliporejea kutoka uhamishoni Uingereza. Tarehe 24 Mei 1966 wanajeshi wa serikali kuu waliivamia Lubiri, mwaka uliofuata falme zikafutwa, na Bulange ikawa mikononi mwa jeshi. Ufalme uliporudishwa mwaka 1993, kazi ya kukarabati ikaanza, na tangu hapo tumezungumza sana juu ya kuta, mapaa na makaburi. Juu ya vyombo vilivyoziwezesha ofisi za zama zile kufanya kazi tumenyamaza, na cha kwanza kati yavyo ni mtambo wa simu.

Ofisi kubwa ya miaka ya 1950 haikuweza kumpa kila karani laini yake kutoka posta. Ilikodi laini chache, kisha ndani ya jengo ikawa na swichibodi. Opereta aliketi mbele ya ubao wenye matundu, akachomeka waya huku na kule, akajua nani anamtafuta nani. Ofisi zilizokuwa na uwezo zaidi ziliweka mtambo wa kujiendesha, aliobuni Almon Strowger, mzika maiti wa Marekani aliyepewa hataza mwaka 1891. Inasimuliwa kwamba alimshuku opereta wa mji wake kuwa anawapeleka wateja wake kwa mshindani. Mwaka 1892 mji wa La Porte, Indiana, ukafungua kituo cha kwanza cha aina hiyo. Uingereza nayo ikauchukua, na viwanda kama kile cha Automatic Telephone Manufacturing huko Liverpool vikautengeneza kwa miongo mingi.

Uzuri wa mtambo huu ni kwamba unaonekana ukifikiri. Unapozungusha tarakimu 4, kidude cha simu kinakata umeme mara nne, na kila mkato unavuta sumaku inayopandisha mhimili ngazi moja. Tarakimu inayofuata inauzungusha mhimili huohuo kando. Ngazi 10 mara nafasi 10 ni njia 100, zote za chuma na shaba, zikipiga kelele kama mashine za cherehani zilizojaa chumba kimoja. Fundi anayejua kusikiliza hutambua kwa sauti tu kidude kinachokwama.

Ndiyo maana unafufulika. Saketi za kompyuta zikifa huzikwa, lakini rilei ya 1958, swichi inayoendeshwa na sumaku ya umeme, inaweza kusafishwa kwa karatasi ngumu katikati ya ncha zake, chemchemi zake zikapimwa mkazo kwa gramu, na ikaendelea. Kazi haianzi na umeme. Kwanza vumbi linafagiliwa kwa brashi laini, mafuta ya zamani yaliyogeuka gundi yanaondolewa, na nyaya zilizofunikwa kwa kitambaa zinakaguliwa moja moja, maana zikigusana zinaweza kuwasha moto. Betri za risasi zilizokuwa zikitoa volti 50 zinabadilishwa na kifaa cha kisasa cha kutoa umeme huohuo. Kisha laini mbili tu zinaunganishwa, simu moja inapigwa, fundi anafuata kila hatua ya mhimili kwa macho. Anayewasha rafu nzima siku ya kwanza anaiunguza.

Kinachokosekana mara nyingi ni michoro ya nyaya, na watu wanaoweza kuisoma. Katika hilo Kampala ina historia kubwa kuliko inavyojipa. Mkataba wa 1967 ulioanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki uliweka makao makuu ya Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki hapa Kampala. Reli ilibaki Nairobi na bandari ikaenda Dar es Salaam. Kwa miaka 10, kutoka Mombasa hadi Kigoma, simu ziliongozwa kutoka mji huu. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika likagawanyika, na vita vya 1979 kati ya Uganda na Tanzania vikafuata. Kisha zikaja kampuni za simu za mkononi, Celtel mwaka 1995 na MTN mwaka 1998, na mtandao wa waya ukasahauliwa kabla haujafika vijijini.

Naona ni hasara kubwa mtambo kama huo kuishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa ajili ya shaba yake. Mtoto wa shule anayeuona ukipanda na kuzunguka anaelewa simu zaidi kwa dakika tano kuliko kwa saa nzima ya maelezo ya darasani. Mengo ina ofisi, ina watalii, na ina sababu ya kuonyesha jinsi serikali yake ilivyofanya kazi kabla ya 1966.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye majengo, makanisa, shule na hospitali za Mengo na kilima jirani cha Namirembe: kama kuna kabati la rilei au swichibodi ya zamani stoo, msiiuze kwa kilo. Ihifadhini pamoja na michoro yake. Na mafundi wastaafu wa posta waulizwe mapema, kwa sababu umri wao hauwasubiri.